Tiketi Zenye Maneno Mgongoni

Shule aliiacha darasa la tatu, au shule ndiyo iliyomwacha yeye. Kesi hiyo haijaamuliwa hadi leo. Lakini ukikaa naye kibarazani dakika kumi tu, utadhani umekaa na profesa aliyesahau joho lake nyumbani. Mtaa mzima humwita Mjomba Sinema, maana kwa miaka thelathini na miwili yeye ndiye aliyekuwa kule juu, kwenye kichumba cha joto nyuma ya ukumbi, akiendesha mashine mbili za kuonyeshea filamu. Ukumbi wenyewe siku hizi ni duka la magodoro. Mjomba hupita pale kila asubuhi, huchungulia mlangoni na kusema, "Hata zamani watu walikuwa wanalala humu ndani. Tofauti ni kwamba sasa wanapewa godoro."

Ana meno machache na maneno mengi. Na katika maneno yake yote, analolipenda zaidi ni hili: "Kiingereza mimi sikukisoma. Kilipanda ngazi chenyewe, kikanifuata kazini." Wageni wakishacheka, humnyooshea kidole mkewe na kumalizia, "Na huyu mnayemwona hapa, Kiingereza chake nilimpa mimi."

Mkewe, ambaye mtaa unamjua kwa jina la Bi Tiketi kwa kuwa miaka yote hiyo alikaa kwenye dirisha la tiketi la ukumbi uleule, humimina chai. Hajawahi kubisha hata siku moja. Ila kikombe cha mumewe hukijaza kidogo kupita kiasi, chai ikamwagikia sahanini. Ukitaka kujua mwanamke huyu anawaza nini, usimtazame usoni, tazama sahani.

Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa, na mwezi huu kichwa cha Mjomba kilifikiwa na zamu yake. Dada yake ana binti ambaye ni mwalimu wa Kiingereza katika shule ya msingi. Jumatatu jioni binti huyo akaingia na kitabu kwapani.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Umekuja kunisalimia au umekuja kunituma?"

"Vyote viwili." Mwalimu akakiweka kitabu mezani. "Wiki hii tunasoma maneno ya filamu. Wanafunzi wangu wanayachanganya, mpaka naona huruma. 'Film', 'movie', 'cinema', 'picture', kwao yote ni mchuzi mmoja. Nikawaambia, tulieni, nina mjomba aliyeishi ndani ya maneno hayo. Alhamisi saa nne asubuhi wanakusubiri."

"Alhamisi hii?"

"Hiihii. Wako arobaini na sita."

"Mbona wachache?" Mjomba akakivuta kifua mbele. "Mimi nimezoea mia nne, tena waliosimama siwahesabu."

Mwalimu akaondoka akicheka. Mjomba akabaki kwenye kiti na kifua chake, kikashuka polepole kama mpira wa baiskeli uliopata mwiba. Chai ikapoa. Mwishowe akaita kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za hali ya hewa.

"Mke wangu."

"Nasikia."

"Lile neno la kile kipande cha kuwaonjesha watu filamu inayokuja. Lilikuwaje tena?"

Bi Tiketi akaokota vikombe, kimoja baada ya kingine, bila haraka. "Si ulinifundisha wewe? Hebu kumbuka ulivyonifundisha." Akaingia ndani na sinia lake.

Hapo sasa ndipo penye hadithi yenyewe, na itabidi turudi nyuma, kama mkanda unavyorudishwa kwa mkono.

Mjomba aliingia kwenye ukumbi ule akiwa kijana wa kufagia. Fundi wa mashine alikuwa mzee mkali mwenye kovu la moto kiganjani, naye alimfundisha kijana kazi yote kwa macho na vidole. Filamu moja ilikuja ndani ya makopo matano ya bati, kila kopo na mkanda wake, kila mkanda kama dakika ishirini. Mkanda mmoja ukikaribia kwisha, kidoa kidogo huchungulia juu, pembe ya kulia ya picha. Ukikiona, washa mota ya mashine ya pili. Kidoa cha pili kikija, badilisha. Ukifanya vizuri, watazamaji mia nne hawajui kwamba umefanya kitu. Na ili mikanda isipishane, mzee yule alikuwa amevipaka rangi vifuniko vya makopo: nyekundu ya kwanza, nyeupe ya mwisho, na nyingine katikati. Kijana hakuhitaji kusoma. Alihitaji kujua rangi, na rangi alizijua.

Mzee akastaafu, kijana akarithi mashine. Mambo yakaenda sawasawa hadi Jumamosi moja yalipoletwa makopo mapya, yanang'aa, bila tone la rangi. Juu yake kulikuwa na maneno ya Kiingereza tu. La kwanza na la pili aliyatambua, maana darasa la tatu halikumwacha mikono mitupu kabisa. Yakabaki makopo matatu yanayomtazama.

Kuuliza? Amuulize nani? Tajiri mwenye ukumbi angejua kwamba fundi wake hajui kusoma, na jioni hiyohiyo angemleta mwingine. Kwa hiyo kijana akategemea mikono yake. Alijua jambo moja la kazi: mkanda wa mwisho daima huwa mfupi, na mkanda mfupi ni mwepesi. Akayapima yale makopo matatu, moja mkono huu, jingine mkono huu, kama mtu anayechagua kabichi. Lililokuwa jepesi kuliko yote akaliweka mwisho. Hesabu safi kabisa. Tatizo ni kwamba wakaguzi wa filamu walikuwa wameshaupitishia mkasi mkanda wa tatu na kukata mabusu yote, na filamu ile ilikuwa na mabusu mengi.

Onyesho la saa kumi jioni likaanza. Kila kitu kikaenda vyema, ingawa watu wachache walishangaa kwamba wachumba wamegombana kabla ya kujuana. Mkanda uliokuwa wa nne kuonyeshwa, ambao kumbe ndio wa mwisho wa filamu, ukafika mwisho, na mwishoni steringi akapigwa risasi darajani. Akafa kweli, macho wazi, mvua ikimnyeshea. Akina mama wakalia. Wanaume wakakohoa kile kikohozi chao cha kuficha. Kule juu fundi akangoja kidoa cha pembeni, kidoa hakikuja. Badala yake yakatokea yale maneno mawili ambayo hata asiyejua kusoma huyajua kwa sura, kwa kuwa kila filamu humalizia nayo. Watu wakaanza kuinuka. Kitambaa kikawa cheupe. Mikono ya fundi ikashikwa na hofu, ikafanya ilichozoea: ikawasha mashine ya pili.

Steringi akatokea mbele ya kioo, mzima wa afya, ananyoa ndevu huku akipiga mluzi.

Waliokuwa wakitoka wakageukia kitambaa. Halafu sauti moja kutoka mabenchi ya mbele ikapasuka: "Si niliwaambia! Steringi hafi!"

Pakawa hapatoshi. Watu wakarudi vitini, wakakumbatiana na wasiowajua. Wakamtazama marehemu akinywa chai, akipanda farasi, akitaniana na mama mkwe, na kila alichofanya kilipigiwa makofi. Mkanda ulipokatika katikati ya sentensi, hakuna aliyelalamika. Walitoka wakiimba.

Msichana wa dirisha la tiketi hakuimba. Alikuwa amesoma sekondari miaka miwili kabla karo haijamshinda baba yake, na barua zote za wasambazaji alizisoma yeye. Akapanda ngazi ya chuma, akasimama mlangoni.

"Kaka," akasema, "marehemu ananyoa ndevu."

"Nimeona."

"Hujui kusoma haya makopo."

Kijana akafungua mdomo ili ajisifu kwa lolote lile. Chini ngazi ikaanza kulia: tajiri anapanda. Kijana akaitazama kofia yake msumarini, kama mtu anayeaga.

Tajiri akaingia akihema. Kabla hajasema, msichana akamtangulia. "Tajiri, watu wanauliza kama kesho filamu itaonyeshwa hivihivi."

Tajiri akakuna kichwa. Akamtazama kijana, akayatazama makopo, akasikia nyimbo za watu barabarani. "Basi waambieni ndiyo," akasema, akashuka.

Na kesho yake ikaonyeshwa hivyohivyo. Lakini siku iliyofuata, kupitia tundu la sakafuni ambalo zamani lilipitisha waya, kutoka kichumba cha mashine hadi dirisha la tiketi lililokuwa chini yake, ikaning'inia kamba yenye kibanio cha nguo. Kwenye kibanio palikuwa na tiketi iliyoharibika, na mgongoni mwake maandishi ya kalamu: 'three', maana yake tatu, ndilo kopo lililokuponza.

Shule yake ikawa hiyo. Neno moja kwa kila mkanda. Mashine inaunguruma, jasho linamtoka, naye anajifunza. 'Reel': ule mkanda ukiwa umezungushwa kwenye gurudumu lake. 'Screen': kile kitambaa cheupe, usiite shuka tena. 'Scene': kipande kinachotokea mahali pamoja kwa wakati mmoja, wakihama chumba, hiyo ni nyingine. Akishajifunza, huinama kwenye tundu na kulitamka kwa sauti. Akipatia, kimya. Akikosea, kamba huvutwa mara mbili. Neno likishaingia kichwani, tiketi huitupa sakafuni, akangoja nyingine.

Baada ya mwaka mmoja na nusu alikuwa anasoma makopo, mabango na hata barua za wasambazaji. Baada ya miwili akateremsha tiketi yake mwenyewe, mwandiko umelala upande, yenye swali ambalo mwanamume humuuliza mwanamke mara moja. Kamba ikavutwa mara mbili. Kijana akakalia kopo. Kibanio kikapanda na jibu: "Swali ni sahihi. Mahali si sahihi. Shuka ngazi uniulize."

Alishuka ngazi tatu tatu.

Neno moja tu liliwagombanisha, tena kwa miaka. Lilikuwa 'credits'. Bi Tiketi aliliandika hivi: "Majina ya wote waliofanya kazi, yanayopita mwishoni. Usiwashe taa kabla hayajaisha." Mjomba aliwasha taa kila mara. "Watu wanataka kwenda kwao," alisema. "Nani anasoma majina ya watu asiowajua?" Naye mkewe alimjibu, "Wao walijuana."

Na ule uongo? Ulianza kama mzaha siku ya harusi. Mtu aliuliza, nyinyi nani alimfundisha mwenzake, bwana harusi akajipiga kifua, watu wakacheka. Akaurudia. Uongo ukirudiwa sana hujipatia kiti chake sebuleni, na baada ya muda hata mwenye nyumba huona haya kuuinua.

Tuurudishe mkanda mbele. Jumatano mchana Mjomba alikuwa amepekua kabati, sanduku na chini ya kitanda. Hakuna alichopata ila soksi moja ya zamani. Alikuwa anatafuta nini? Tiketi alizitupa mwenyewe. Kichwa nacho kimekuwa kama mkanda mkuukuu, kinakatika pale unapokihitaji.

"Unatafuta hii?" Bi Tiketi akaweka juu ya meza kopo la bati, limepauka, la saizi ya ungo mdogo.

Mjomba akafungua kifuniko kwa kucha. Ndani zilikuwa zimepangwa tiketi, mamia, zimefungwa kwa uzi mafungu mafungu, na kila moja ina neno mgongoni.

"Nilikuwa nafagia kichumba chako kila Jumapili," mkewe akasema. "Ulidhani zinakwenda wapi?"

Mjomba akachukua moja, akaisogeza mbele ya macho, akaisogeza mbali. Akachukua ya pili. Yule mzee wa maneno mengi akakaa pale, na kilichomtoka ni "Ahaa" moja, nyembamba, kama ya mtoto.

Wakazisoma pamoja hadi saa ya chai. Alipokosea, Bi Tiketi alivuta mkono wa shati lake mara mbili.

"Kesho nakuja," akasema wakati anafunga kopo. "Miaka thelathini na kitu nimelisikia onyesho kupitia ukuta. Acha na mimi nikae nione."

Hapo ndipo maji yalipomfika Mjomba shingoni. Kuyasema maneno hakukumtisha tena. Kilichomtisha ni kuyasema mbele ya mwenye maneno hayo. Akisema ukweli, mpwa wake atajua kwamba sifa za mjomba wake zilikuwa za kuazima, na habari itafika kwa dada, na kwa dada hadi kwa ukoo wote ni mwendo wa simu moja. Asiposema, mkewe ataketi pale amsikilize akigawa mali yake kwa mara nyingine kama njugu.

Alhamisi saa nne akaingia darasani na koti lake la sherehe na kopo kwapani. Bi Tiketi akachukua kiti cha nyuma kabisa, karibu na ndoo ya maji. Mwalimu akamtambulisha, wanafunzi wakasimama, wakaketi. Mjomba akakohoa mara mbili, halafu, wacha we, mashine ikawaka.

"Nyinyi mnasema mnaenda sinema kuangalia sinema," akaanza. "Sawa. Kwa Kiswahili neno hilo ni mnyama wa kazi, tumelibebesha nyumba na mzigo wake. Lakini Mwingereza huenda 'cinema' kuangalia 'film'. 'Cinema' ni jumba. Mmarekani naye hiyo hiyo 'film' ataiita 'movie', kwa sababu ni picha zinazotembea. Mkikosea, hakuna atakayewapeleka polisi. Wote wataelewa."

"Na 'pictures'?" akauliza mmoja.

"Mabibi wa Kiingereza walisema, twendeni 'the pictures'. Bado inaeleweka, ila ukiisema utaonekana umevaa soksi za babu yako. 'Flick' nayo ni ya maskani. Usiiandike kwenye mtihani, mpwa wangu huyu atakukata maksi."

Darasa likacheka. Mwalimu akaandika ubaoni hadi chaki ikakatika.

"Mzee, mbona 'trailer' ni kama tela la lori?" akauliza mwingine. "Tela liko nyuma, na ile inaonyeshwa mbele."

"Swali la mtu mwenye akili, nilikuwa hivyohivyo. Zamani ilifungwa nyuma ya filamu, kama tela hasa. Ikaonekana watu wameshatoka wanakimbilia nyumbani, hakuna anayeitazama. Wakaihamishia mbele, jina likasahauliwa nyuma." Akakohoa. "Na steringi! Msimwulize Mwingereza 'steringi ni nani', atawakodolea macho. Kwenye bango waliandika 'starring', yaani anaigiza fulani, sisi tukadhani ndicho cheo chake. Mtu wa ndani ya hadithi ni 'hero'. Mwigizaji mwenyewe ni 'star'."

Alikuwa anaelea. Akawasimulia vidoa vya pembeni, akawapitishia kipande cha mkanda wakitazame dirishani. Ndipo msichana wa dawati la mbele, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akanyoosha mkono.

"Yale majina ya mwishoni, ambayo hatuyasomagi, yanaitwaje?"

Mjomba akafungua kopo ili kutafuta, japo neno alilijua. Akaikuta tiketi yake. Akaisoma kimoyomoyo, yote, hadi ile sentensi ya pili.

"Yanaitwa 'credits'," akasema polepole. "Ni majina ya wote waliofanya kazi. Mimi nilikuwa nawawashia watu taa kabla hayajaisha."

"Na wewe nani alikufundisha haya yote?" akauliza msichana.

"Alijifunza mwenyewe," Mwalimu akajibu kwa fahari. "Tena akamfundisha na mkewe."

Kule nyuma alikaa Bi Tiketi. Hakuwa na birika wala sahani. Alikuwa ameiweka mikono yake mapajani tu. Mjomba akaitazama ile mikono.

"Mpwa wangu," akasema, "kuna siku niliweka mkanda wa tatu mwisho. Sasa nauweka tena, mtanisamehe, ndiyo tabia yangu. Mimi niliacha shule darasa la tatu. Makopo nilikuwa nayasoma kwa rangi. Rangi zilipokwisha, nikamfufua mtu aliyekufa, na kazi ilikuwa karibu iniponyoke. Kila neno lililo ubaoni hapo," akalinyanyua kopo juu, "limeandikwa humu kwa mkono wa yule mama aliyekaa karibu na ndoo. Yeye ndiye aliyenifundisha. Mimi nilichomfundisha ni uvumilivu tu, na hata huo alikuja nao kutoka kwao."

"Mjomba!" Mwalimu akashika mdomo. "Si miaka yote umekuwa ukisema…"

"Nilikuwa nasema. Ndiyo maana leo nasema."

Vichwa arobaini na sita vikageuka nyuma. Bi Tiketi akarekebisha mtandio wake, akalitazama dirisha, akaliona halina kitu, akarudisha macho kwa mumewe.

"Na kabla yake," Mjomba akaendelea, "kulikuwa na mzee mwenye kovu kiganjani, ndiye aliyenipakia rangi. Na tajiri, Mungu amrehemu, aliyejifanya hakuona. Na yule mtu wa mabenchi ya mbele aliyesema steringi hafi, sikumjua hata sura, lakini bila yeye…"

Kengele ya mapumziko ikalia. Madawati yakaburuzwa, mifuko ikabebwa, nusu ya darasa ikawa imeshasimama.

"Kaeni!" ikasikika sauti kutoka karibu na ndoo, sauti ya dirishani, iliyozoea kuwapanga watu mstari. "Majina hayajaisha."

Wakakaa. Na Mjomba Sinema, aliyekuwa na haraka kwa miaka thelathini na miwili, akayataja yote, taratibu, hadi la mfagiaji wa ukumbi. Ila jina la Bi Tiketi alilitaja mara mbili.